Nani Kasema Haina Spea?

Nianze na ugomvi, maana ndio ulionifanya nishike kalamu. Kwenye kikao chetu cha mwezi uliopita, pale tunapokutana Jumamosi kusomeana kazi, nilisoma kurasa tatu kuhusu kabureta. Ndiyo, kabureta. Nilipomaliza pakawa kimya. Halafu mshikaji mmoja, mtunzi mzuri tu ambaye mashairi yake ya mapenzi mmeshayasoma humu mara nyingi, akauliza: "Sasa hiyo ni fasihi au ni gereji?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa haya. Hasira ilinishika baadaye, ndani ya daladala, nimebanwa mlangoni, jibu zuri likanijia wakati hakuna wa kumpa.

Leo namjibu. Na nikishamaliza naye nitamjibu muuza spea, na yule bwana wa vyuma chakavu mwenye mizani, maana wote watatu wanasema neno moja kwa midomo tofauti.

Kwanza chombo chenyewe. Nyuma ya nyumba ya baba mdogo, Temeke, chini ya turubai, kulikuwa na Honda ya matairi matatu, ATC110. Si bajaji, naomba nieleweke. Ni pikipiki yenye tairi moja mbele na mawili nyuma, yote manene kama maputo, imetengenezwa kwa ajili ya mchanga, tope na mashamba. Haina kiki, unavuta kamba kama jenereta. Honda walianza kuuza za aina hii mwaka 1970 na injini ya cc 89, na hii ya 110, ambayo ukweli wake ni cc 105, ilifuata mwaka 1979. Marekani ziliumiza watu wengi, watoto wakiwemo. Eksili ya nyuma ni moja nzima, haina difu, na ukikata kona bila kuhamisha uzito wa mwili inakubinua. Mwaka 1988 makampuni yakakubaliana na serikali ya huko, mbele ya mahakama, kuacha kuuza mpya za matairi matatu. Kwa hiyo ninaposema chombo hiki ni yatima simaanishi kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Soko lake kubwa kuliko yote lilifungwa miaka mingi iliyopita.

Baba mdogo alikuwa bwana shamba kwenye mradi fulani. Mradi ulipokwisha vitu vikapigwa mnada, naye akainunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Nilipokuwa mdogo alinipakia mbele yake, nikishika tangi kwa mikono miwili, na mtaa mzima ukitoka kuangalia. Halafu ikaanza kula oili, ikaanza kutoa moshi, mwaka 2003 ikazima. Alizunguka maduka yote anayoyajua. Jibu: haina spea. Akaifunika turubai na hakuitaja tena. Kuku wakataga chini yake.

Mwaka jana ndipo bwana wa mizani akaja. Chuma kilo kadhaa, aluminiamu kilo kadhaa, hesabu mkononi palepale. Baba mdogo siku hizi ana sukari, dawa hazimsubiri mtu, sikuwa na ubavu wa kumlaumu. Nikamwambia, "Baba, nipe miezi sita." Akanitazama kama anavyonitazama nikimwambia mimi ni mwandishi. Akasema, "Haina spea, mwanangu." Lakini mizani ikaondoka bila kitu.

Nikaenda Kariakoo, nikaenda Ilala. Kila duka ni mchezo uleule. Unafika kaunta, unasalimia, kijana anauliza bila kuinua macho kwenye simu: "Pikipiki gani?" Unasema Honda ya matairi matatu. Anacheka. "Broo, hiyo haina spea." Duka la pili vilevile, la tatu vilevile. Duka moja, silitaji, walinipa kifurushi wakaapa ni chenyewe, orijino kabisa, kumbe ni ringi za jenereta. Hela haikurudi.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo kiini cha makala hii. Nilikuwa naingia dukani na jina. Jina la chombo, jina la kampuni, mwaka. Na duka linafanya kazi kwa majina: Boxer ipo, TVS ipo, yako haipo, kwaheri. Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni mzee mmoja fundi, Gerezani. Hataki nimtaje na nitaheshimu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida, nikitegemea kusikia wimbo uleule. Akaniuliza swali ambalo hakuna duka lililoniuliza: "Umepima?"

Sikuwa nimepima kitu.

Akachukua beringi mojawapo kuukuu niliyoibeba kwenye mfuko wa rambo, akaifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, akanisogezea taa. Ubavuni imeandikwa 6204. "Soma," akasema. Nikasoma. "Namba mbili za mwisho, zikianzia 04, zidisha kwa tano. Unapata tundu la ndani." Sifuri nne mara tano, ishirini. Tundu ni milimita 20. Ikiwa 6205 ni 25, ikiwa 6206 ni 30. Upana wa nje wa 6204 ni milimita 47, unene 14, iwe imetengenezwa Japani, Uswidi, Uchina au kwingineko. Beringi hiyohiyo utaikuta kwenye mota ya pampu ya maji na kwenye mashine ya kusaga. Haijui kama imewekwa kwenye Honda. Haina habari na mahakama za Marekani.

Nikarudi duka lilelile la kwanza. Kijana yuleyule. Sikutaja pikipiki. Nikasema, "Nipe 6204 mbili, zenye kifuniko cha mpira pande zote." Akanyoosha mkono rafu ya nyuma yake bila kuinuka kwenye kiti. Zilikuwepo siku zote! Zilikuwepo siku ile ananicheka, nyuma ya kichwa chake, hatua moja.

Oili sili vivyo hivyo. Zina namba tatu: ndani, nje, unene. Ukisema "sili ya Honda ya matairi matatu" haipo. Ukisema 25, 40, 7 ipo. Ndugu zangu, nusu ya "haina spea" ya mji huu ni "sijui namba". Hiyo nusu nyingine nitaifikia, sitawadanganya kwamba haipo.

Tukaja kwenye injini. Hapa nilikuwa na hofu, na hapa ndipo mzee alipofurahi, maana alipoona silinda imelala karibu usawa wa ardhi alisema tu, "Ah, hii si ni Honda ya kawaida." Ni ukoo uleule wa Super Cub, pikipiki ndogo iliyoanza mwaka 1958 na hadi 2017 ilikuwa imeshatengenezwa zaidi ya milioni 100. Wachina wamenakili injini hiyo ya kulala kwa miaka na wanaiuza hadi leo katika vipikipiki vya cc 110. Ya kwetu pistoni yake ni milimita 52. Ya Kichina ni 52.4. Mwendo wa pistoni kwa zote ni 49.5. Tofauti ya upana ni robo tatu ya nusu milimita, tuseme hivyo, na silinda yetu ilikuwa imekwisha vibaya kiasi kwamba lazima ichongwe kwa vyovyote.

Lakini hakuniruhusu kutoa hela palepale. Tulikwenda dukani na venia yake, ile ya chuma, si ya betri. Akapima kipenyo cha pini. Akapima kutoka katikati ya pini hadi kichwa cha pistoni, maana ikizidi itagonga vavu na ikipungua injini haitakuwa na nguvu. Akaangalia mashimo ya vavu kichwani. Muuzaji akaanza kukereka: "Mzee, unanunua au unafanya mtihani?" Mzee hakumjibu. Pistoni ya tatu ndiyo tuliyoichukua. Silinda ikaenda kwa mchongaji wa lethi, naye akapewa pistoni yenyewe mkononi, maana silinda huchongwa kufuata pistoni uliyoishika, si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Nafasi inayotakiwa kati yao ni sehemu chache tu za mia za milimita moja. Ukibana sana inaganda ikipata moto, ukilegeza sana moshi unarudi palepale.

Kabureta nilipewa mimi. Na mimi nikaharibu. Petroli ya miaka ishirini ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia ndani. Nikataka kuzibua jeti kwa waya wa chuma. Mzee akanipiga kofi la mkono kama mtoto. Tundu la jeti limepimwa, waya unalipanua, na ukishalipanua hulirudishi. Tulitumia unywele wa brashi na subira. Mpira wa bakuli ulikuwa umekatika, na mimi, kwa kujiona fundi, nikakata mwingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Ulikaa vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili ulikuwa umevimba kama maandazi, petroli inachuruzika kwenye injini ya moto. Mpira wa tyubu haupatani na petroli, inauvimbisha. Tungeweza kuungua, mimi na kuku. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye kurasa zangu tatu. Mshikaji aliuliza kama ni fasihi. Sawa. Mimi namuuliza: mtu akisoma kurasa zile akanusurika kuungua, ataziita nini?

Msinielewe vibaya. Siwaimbii nyimbo za ubunifu wa jua kali kama wageni wanaokuja na kamera. Kuna ubunifu unaoua. Eksili ya nyuma meno yake yalikuwa yamelika upande mmoja, na jirani mmoja mwenye mashine ya kuchomelea akasema, "Lete tuijazie, nusu saa tu." Mzee alikataa katakata. Eksili ikichomelewa ovyo, chuma pembeni mwa weldi kinakuwa dhaifu, inakatika siku umembeba mtu. Ilibidi itengenezwe upya kwa chuma kinachofaa na meno yachongwe, na hapo ndipo hela yangu yote ya miezi miwili ilipokwenda. Breki vilevile: hii ya kwetu ina breki ya nyuma tu, na kwenye breki hakuna kandambili wala sabuni. Nasema hivyo kwa sababu nimeshaona tangi linalovuja likizibwa kwa kipande cha sabuni, na kweli linaziba, na mwenye tangi anatembea nalo hivyo mwaka mzima.

Na matairi yalinishinda. Nakiri. Yale ya asili ni inchi 22 kwa 11, rimu ya 8, na yanajazwa upepo kidogo mno, kama psi 2 hivi, kwa sababu hakuna springi. Tairi ndilo springi. Ukilijaza kama la gari unakuwa unarukaruka kama mpira wa kitenesi. Mwisho nilipata matatu yaliyotumika ya vile vipikipiki vya Kichina vya magurudumu manne vinavyokodishwa kwa watalii ufukweni, inchi 18 kwa 9.5, rimu ileile ya 8. Yameingia. Lakini chombo kimeshuka inchi mbili, kimekuwa kifupi kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake, na mwendo umepungua. Baba mdogo alipoona alisema, "Hii siyo." Ana haki.

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa mashairi.

Miaka ya mwanzo ya themanini nchi hii haikuwa na fedha za kigeni. Wazee wanajua. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na spea ndiyo usiseme, hadi mwaka 1984 serikali ilipolegeza watu walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mafundi wa umri wa mzee wangu walijifunza kazi katika miaka hiyo. Hawakuwa na "haina spea" kama jibu, kwa sababu hakuna chombo kilichokuwa na spea. Walipima kila kitu, wakalinganisha kila kitu, wakajua sili ya trekta fulani inaingia kwenye lori fulani. Ujuzi huo walilipia kwa miaka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwapa raia wake haki ya kutengenezewa mashine za kufulia, majokofu na simu badala ya kutupa, ikasifiwa kama kitu kipya. Gerezani hawakualikwa kwenye sherehe.

Umeandikwa wapi ujuzi huo? Nitawaambia ulipoandikwa. Karakana ya mzee ina ukuta mmoja usio na dirisha. Ukuta wote, kutoka karibu na sakafu mpaka asipofikia mkono, umeandikwa kwa chaki na makaa na rangi ya mafuta. Namba. "Sili ya giaboksi ya hii = ya ile." Pistoni fulani, pini yake, kimo chake. Mishale. Mwaka. Mahali pengine ameandika tu "USIJARIBU". Ameandika toka 1981. Hakuna nakala. Mwanawe anauza vocha na vifuniko vya simu na hataki kusikia habari za grisi, na simlaumu, analipa kodi ya nyumba kwa wakati kuliko mimi.

Nasi tuko wapi, waandishi? Tunakutana Jumamosi. Tuna warsha. Tunafundishana jinsi ya kuulinganisha mwezi na mpenzi. Tangu nijiunge nimesikia miezi arobaini, na hakuna hata mmoja uliomulika karakana. Tunalalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi, tunasubiri wataalamu watuletee istilahi, wakati ukuta mzima wa istilahi uko umbali wa nauli moja ya daladala: kuchonga, kubana, kulegeza, kula oili, kuganda. Mzee ana neno kwa kila mlio wa injini. Injini inakohoa, inapiga miluzi, inasaga karanga, na "inaguna" ni ile inayokaribia kuvunja konrodi. Hebu mniambie ni mshairi gani kati yetu anasikia hivyo.

Mtaniambia fasihi ni mambo ya roho. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika jinsi watu wa pwani wanavyozaa, wanavyooa, wanavyosafiri na kuzikana. Kitabu, *Desturi za Wasuaheli*, kikachapwa na Carl Velten kule Ujerumani mwaka 1903. Kwa kiasi kikubwa ni mambo ya kila siku. Leo anayetaka kuijua roho ya pwani ya zama hizo anakwenda kwake. Sijui wangapi kati yetu watatafutwa mwaka 2125 kwa ajili ya mwezi wa arobaini na moja.

Na kama mnadhani natia chumvi kuhusu ukuta: mwenye kiwanja ameuza. Mzee amepewa hadi mwisho wa mwezi ujao. Mnunuzi anataka fremu za maduka, na fundi rangi ameshakuja kupima. Nilimuuliza mzee kama atanakili vitu vyake. Akasema macho hayaoni tena vizuri kwa karibu, "na isitoshe, mwanangu, nani atasoma?" Nikakosa la kusema, maana nilimkumbuka yule aliyeuliza kama ni gereji, nikakumbuka na kicheko changu mwenyewe.

Honda inawaka. Mvuto wa tatu wa kamba, wakati mwingine wa saba. Bado inatoa moshi kidogo ikiwa baridi, na baba mdogo haachi kunikumbusha. Jioni moja nilimkuta amekaa juu yake uani, imezimwa, mikono kwenye usukani. Alisema alikuwa anaangalia kama kiti kimekaa sawa. Bwana wa mizani alirudi wiki iliyopita na akaambiwa akatafute kwingine.

Ukuta bado. Nakwenda kila siku baada ya kazi na daftari la kurasa mia mbili. Picha za simu nimepiga, lakini chaki imefifia na nusu haisomeki kwenye picha. Lazima mzee asimame pembeni aseme ni saba au ni moja, na ni gari gani lile alilolichora tu bila jina. Kwa jioni kumi na mbili nimemaliza upande wa kushoto mpaka usawa wa kifua. Juu ya hapo siwezi kufika, na mzee haruhusiwi tena na daktari kupanda kitu. Natafuta ngazi. Natafuta na watu watatu wenye mwandiko unaosomeka, wasioogopa grisi, waje Jumamosi saa nane mchana badala ya kikao. Mshikaji wa mashairi ya mapenzi aje wa kwanza. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu.